Deni la Msumbiji: Nani Alisaini, Nani Analipa

Jioni ya leo nawaomba tuvuke mto kidogo, tuzungumze habari za jirani yetu wa kusini, Msumbiji, na mabilioni ambayo wakubwa wachache waliyakopa kwa siri huku wananchi wakiachiwa kulipa.

Najua yupo atakayeuliza: Msumbiji inatuhusu nini sisi watu wa viazi, mbao na parachichi? Inatuhusu sana. Ukiiacha barabara kuu ya kwenda Tunduma pale Makambako ukashika ya Songea, ukapita hapa Njombe mjini, ukateremka hadi Songea na kuendelea Tunduru, ng'ambo ya Mto Ruvuma ni kwao. Chama chao cha ukombozi, FRELIMO, kilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Wapiganaji wao walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na Samora Machel alipokwenda kuipokea nchi yake mwaka 1975 alianzia safari huku kwetu, akavuka Ruvuma. Baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, askari wetu walikwenda tena kuwasaidia. Waliorudi wamebebwa wamezikwa Naliendele, Mtwara. Kwa hiyo nikisema nchi ile imeibiwa, nasema kwa uchungu wa ndugu.

Vita ile ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO ilianza mwaka 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru. Ilichochewa kwanza na utawala wa walowezi wa Rhodesia, kisha na makaburu wa Afrika Kusini, lakini waliochinjana walikuwa Wamsumbiji wenyewe. Shule zilichomwa, zahanati zikabomolewa, barabara zikatandazwa mabomu. Watu wapatao milioni moja walikufa, wengi wao kwa njaa. Tarehe 4 Oktoba 1992, mjini Roma, Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa RENAMO, Afonso Dhlakama, walitia saini mkataba wa amani, na mwaka 1994 wananchi wakapanga foleni kupiga kura. Dunia nzima iliisifu Msumbiji. Wafadhili wakamimina fedha. Nami nasema ile amani ilikuwa ya kweli, na watu wa kawaida waliilinda kwa moyo wao wote: mkulima alirudi shambani, na mtoto aliyelazimishwa kubeba bunduki akapokelewa kijijini kwake.

Juu, kwenye ofisi, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Miaka hiyo ya tisini viwanda na mashirika ya umma yaliuzwa kwa mamia, na walioyapata kwa bei ya kutupa mara nyingi walikuwa watu wa karibu na serikali. Walinunua kwa mikopo ya benki za umma, wengi wakaacha kulipa. Benki mbili, BCM na Banco Austral, zilitobolewa namna hiyo.

Mwandishi mmoja alikataa kunyamaza. Jina lake Carlos Cardoso. Hakuwa na jengo wala mitambo. Gazeti lake, Metical, lilikuwa kurasa chache alizowatumia wasomaji kwa faksi. Alifuatilia dola milioni 14 zilizotoka BCM, akataja majina, akataja tena. Tarehe 22 Novemba 2000, akiwa anatoka kazini jijini Maputo, gari lake lilizibiwa njia, akapigwa risasi akafa. Haikupita hata mwaka. Mchumi kijana, António Siba-Siba Macuácua, alikuwa ametumwa na Benki Kuu kwenda kuisafisha Banco Austral, na alikuwa ameanika gazetini majina ya wadaiwa sugu. Tarehe 11 Agosti 2001 alisukumwa kutoka ghorofa ya juu, akaanguka katikati ya ngazi za jengo la benki yake. Wauaji wa Cardoso walifikishwa mahakamani wakafungwa, lakini aliyeongoza kundi lao alitoroka gerezani si mara moja. Fikirini maana yake kwa mkaguzi au karani aliyebaki ofisini na faili lenye ushahidi mkononi. Mtu wa namna hiyo ana watoto. Faili analirudisha kabatini.

Hofu hiyo ilikuwa imekwisha kujengeka ilipofika mwaka 2013. Nchi ilikuwa imegundua gesi nyingi baharini, upande wa Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara, na kila mtu aliamini utajiri uko njiani. Rais alikuwa Armando Guebuza, mpiganaji wa zamani wa ukombozi. Chini ya idara ya usalama wa taifa, wao wanaiita SISE, zikaanzishwa kampuni tatu. ProIndicus ingelinda pwani kwa rada na mashua za doria. EMATUM ingevua samaki aina ya jodari. MAM ingekuwa karakana ya kukarabati meli. Mwenyekiti wa zote tatu alikuwa mtu mmoja, ofisa wa usalama António do Rosário. Kati ya mwaka 2013 na 2014 kampuni hizo zilikopeshwa takriban dola bilioni 2 na benki mbili, Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Fedha nyingi hazikufika Msumbiji kabisa. Zilipelekwa moja kwa moja kwa muuzaji, kampuni ya Privinvest yenye makao Abu Dhabi, iliyopewa kazi ya kuleta meli na vifaa.

Sasa sikilizeni hapa, maana wizi wenyewe uko hapa. Kampuni changa isiyo na mteja hata mmoja haikopeshwi mamia ya mamilioni ya dola. Benki ilitaka mdhamini. Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alisaini dhamana kwa niaba ya taifa: kampuni zikishindwa, serikali italipa. Katiba yao na sheria ya bajeti zilitaka Bunge liridhie dhamana kubwa namna hiyo. Bunge halikuulizwa. Na waliposaini walijua, maana makaratasi ya mikopo miwili kati ya ile mitatu yalifichwa hata kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF.

Wale mlio kwenye vikoba mtaelewa haraka. Mwenyekiti wenu anakwenda mjini, anaweka dhamana mashamba ya wanachama wote, anamwambia mwenye benki kwamba kikao kimeridhia, kisha anachukua mkopo wa kununulia basi la shemeji yake. Nyinyi mnaendelea kununua hisa kila wiki, mnacheka, mnagawana mpaka siku dalali wa mnada anapoingia kijijini. Msumbiji dalali aliingia Aprili 2016.

Mwezi huo ndipo mikopo iliyofichwa ilipojulikana hadharani. IMF ikasimamisha fedha zake, na wafadhili 14 waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja wakafuata. Sarafu ya metikali ikaporomoka. Mchele na mafuta ya kula, ambavyo kwa sehemu kubwa wanavinunua nje, vikapanda bei. Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa. Utafiti wa taasisi ya CIP ya Maputo na wenzao wa taasisi ya CMI ya Norway, uliotoka mwaka 2021, ulikadiria kwamba hasara yote kwa uchumi imefika walau dola bilioni 11, na kwamba karibu watu milioni 2 walisukumwa kwenye umaskini. Mkopo ulikuwa bilioni 2. Hasara bilioni 11! Nairudia kwa sababu tumezoea kuhesabu kilichoibwa tu, hatuhesabu kilichovunjwa na wizi: hospitali iliyoishiwa dawa, mwalimu ambaye hakuajiriwa, mfanyabiashara aliyefunga duka.

Na zile meli? Zilikuja. Zilikuwa meli 24 za uvuvi pamoja na mashua 6 za doria, zimeundwa Cherbourg, Ufaransa. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake meli za uvuvi zilisimama bandarini Maputo, zikaota kutu mbele ya macho ya wapita njia. Wakaguzi wa kampuni ya Kroll, walioletwa kwa shinikizo la wafadhili, walitoa ripoti yao mwaka 2017. Walikuta meli moja ya uvuvi imelipiwa zaidi ya dola milioni 22, mtaalamu aliyeitathmini akasema thamani yake ni kama milioni 2. Walikuta bei za vifaa vyote kwa jumla zimeongezwa zaidi ya dola milioni 700, na dola milioni 500 hazikupatiwa maelezo yoyote. Na kila walipouliza swali gumu, walijibiwa kwamba hiyo ni siri ya taifa.

Hapo kwenye siri ya taifa nataka tukae kidogo, kwa maana ndiyo iliyonifanya nichague habari hii. Watu husema nchi iliyotoka vitani huwa na rushwa kwa sababu vita imeharibu maadili. Siyakubali maelezo hayo. Mikopo hii ilisainiwa zaidi ya miaka 20 baada ya amani ya Roma, na waliosaini walikuwa wasomi wenye afya njema na mishahara mizuri. Mama aliyepoteza watoto watatu vitani hakuiba kitu. Vita iliwaachia wakubwa jambo lingine: mazoea ya kwamba likitajwa neno ulinzi, maswali yanakoma. Wakati wa vita ilikuwa haki, kwa sababu huwezi kutangaza redioni risasi zimepita barabara gani. Amani ilipokuja mazoea hayo yalibaki, na taratibu yakahamishwa kutoka kwenye risasi hadi kwenye hundi. Ongeza na ile imani ya baadhi ya wapigania uhuru kwamba aliyeikomboa nchi ana haki ya kuila. Waliotaka kuuza samaki walijua la kufanya. Kampuni ya jodari waliiweka chini ya usalama wa taifa, na kuanzia siku hiyo hata bei ya nyavu ikawa siri.

Tena hawakuwa peke yao. Mabenki ya Ulaya yaliyotufundisha sote utawala bora yalikuwa mezani. Wafanyakazi watatu wa zamani wa Credit Suisse walikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2019, na mmoja wao alikuwa amepokea mamilioni ya dola kutoka kwa muuzaji wa meli. Mwaka 2021 benki yenyewe ililipishwa faini zipatazo dola milioni 475, na ikatakiwa kusamehe sehemu ya deni. Katika ushahidi zilisomwa barua pepe za mwaka 2011, wakati mpango ungali unapikwa. Rushwa humo haikuitwa rushwa, iliitwa kuku. Mtu wa upande wa Maputo anamwandikia mtu wa kampuni ya meli kwamba ameshauriana na wenzake, aweke kuku milioni 50. Kuku mmoja ni dola moja. Nawafikiria akina mama wanaouza kuku wa kienyeji pale stendi ya Makambako, wanaojua kuku mmoja anakula pumba kiasi gani hadi akomae.

Watu wa Msumbiji hawakulala. Asasi za kiraia ziliungana, zikapeleka shauri kwenye Baraza la Katiba. Baraza likatamka mwaka 2019 kwamba dhamana ya EMATUM ni batili, na mwaka uliofuata likatamka hivyohivyo kwa zile nyingine mbili. Agosti 2021 kesi ya jinai ilianza jijini Maputo. Washtakiwa walikuwa 19, na kwa wingi wao pamoja na mawakili na watazamaji, hema kubwa lilisimikwa ndani ya uwanja wa gereza lenye ulinzi mkali. Kesi ikarushwa moja kwa moja. Nchi nzima ilimtazama Ndambi Guebuza, mtoto wa rais aliyestaafu, amesimama mbele ya Jaji Efigénio Baptista akiulizwa habari za dola milioni 33 alizodaiwa kupokea. Baba yake alikuja kama shahidi, akautetea mpango ule kwa hoja ya ulinzi wa nchi. Hukumu ilikamilika tarehe 7 Desemba 2022. Watu 11 walitiwa hatiani, Ndambi na wakuu wawili wa usalama wakapata miaka 12 kila mmoja.

Waziri Chang alikamatwa tarehe 29 Desemba 2018 katika uwanja wa ndege wa Johannesburg, akiwa safarini. Nchi mbili, Msumbiji na Marekani, zikamgombania kwa miaka minne na zaidi. Hatimaye alipelekwa Marekani, na mahakama ya New York ikamhukumu Januari 2025 miaka minane na nusu kwa kushiriki njama iliyompatia rushwa ya dola milioni 7. Jaji wa London naye, Julai 2024, aliamua kwamba Privinvest iilipe Msumbiji fidia kubwa, inayokaribia dola bilioni 2. Hata hivyo kuamriwa kulipa ni jambo moja na kulipa ni jingine. Wakati huohuo mkopo wa jodari ulishafungwa upya mwaka 2019 kuwa deni jipya la dola milioni 900, na malipo yake yakapangwa kuendelea hadi mwaka 2031. Mahakama imesema dhamana ni batili, aliyeisaini alihukumiwa kifungo, na bado mwananchi analipa. Jambo hili linanichoma kuliko yote niliyoyasema.

Kuna la pili linalonichoma. Fedha zile zilikopwa kwa jina la kulinda pwani. Oktoba 2017 wanamgambo wenye silaha waliingia Mocímboa da Praia, mji wa pwani hiyohiyo, ambako Kiswahili kinasikika sokoni. Agosti 2020 waliuteka mji, wakaukalia mwaka mzima. Familia zilikimbia, nyingine zilivuka Ruvuma kuja kwetu, na Oktoba 2020 wauaji wenyewe wakavuka, wakaingia Kitaya mkoani Mtwara. Vijana wa JWTZ walipelekwa Cabo Delgado pamoja na majeshi mengine ya SADC. Mabilioni ya ulinzi yalikwishaliwa, na kazi ya ulinzi ikabaki kufanywa kwa damu, ya kwao na ya kwetu.

Tugeuke nyumbani. Sisi hatukupigana wenyewe kwa wenyewe, tumshukuru Mungu. Lakini ile hila ya kufunika bei kwa neno ulinzi tumeionja. Wenye umri wangu mnaikumbuka rada iliyonunuliwa Uingereza kwa kampuni ya BAE, pauni milioni 28, fedha za mkopo. Ilitolewa kibali mwaka 2001, na hata ndani ya serikali ya Uingereza wapo waliolia kwamba ni ghali mno kwa nchi maskini kama yetu. Baadaye ikajulikana kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilipita kwa dalali. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kosa la kutotunza hesabu sawasawa, na mwaka 2012 ilitulipa pauni milioni 29.5, ile tuliyoiita chenji ya rada, ikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Chenji tuliipata kwa sababu Waingereza walichunguza. Kwa upande wetu ni nani alifungwa?

Na hapa mkoani petu tuna Liganga na Mchuchuma kule Ludewa, chuma na makaa ya mawe. Mkataba wa mradi ule, wa dola bilioni 3, ulisainiwa Septemba 2011 kati ya shirika letu la NDC na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Zaidi ya miaka kumi ikapita bila chuma kuyeyushwa, na watu waliopisha mradi wakasubiri fidia mwaka hadi mwaka, wamekatazwa kujenga, wamekatazwa kupanda miti. Simtuhumu mtu. Nauliza tu, katika sisi tunaoishi juu ya chuma kile, nani amewahi kuusoma mkataba ule hata ukurasa mmoja? Rasilimali ile haihitaji jeshi kuificha. Iko chini ya miguu yetu.

Sheria tunazo. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, CAG, inawekwa mezani Bungeni, na kila halmashauri ina kurasa zake humo, yetu ya mji wa Makambako na ya mji wa Njombe zikiwemo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu, kwa sauti, pamoja na ushuru wa mbao na wa viazi. Msumbiji walikuwa na katiba nzuri pia. Kilichokosekana miaka ile miwili ya mikopo ni mtu wa kuuliza bungeni kampuni hizi tatu ni za nani kabla wino haujakauka. Cardoso alikuwa amekufa. Siba-Siba alikuwa amekufa.

Simu ziko wazi sasa hadi saa mbili usiku. Ningependa tuanze na wenyeviti wa vijiji na wa mitaa wanaotusikiliza: mwenyekiti, mara ya mwisho kuwasomea wananchi wako mapato na matumizi ilikuwa lini, na ilikuwa shilingi ngapi? Ukimaliza wewe tutampokea mwananchi wa kijiji hichohicho, naye atuambie kama alikuwepo.